Jua Chini ya Kitanda

Dereva mstaafu hakuogopa kitu barabarani, si mteremko wala trafiki, ila betri iliyochemka. Moja ilimpasukia ujanani, tindikali ikamla goti, naye akajiwekea sheria: mshale wa volti ukigonga juu na betri zikaanza kutokota, zima haraka, zimejaa.

Sheria hiyo alihamia nayo kwenye basi kuukuu walilogeuza nyumba, yeye na mkewe. Paneli za sola zilikuwa juu ya paa, betri ndani ya buti la mizigo, na juu yake kitanda cha mkewe, ambaye mapafu yalishamchoka na hakulala bila mashine ya kumsukumia hewa. Kila siku kabla ya adhuhuri mzee alizima swichi ya kuchajia kwa maringo. Kila alfajiri mashine ilikata roho, mama wa watu akaamka akitapatapa, macho yamemtoka pima.

Binti yao alikwishasema: ikizimika tena, anamchukua mama akakae kwake, kwenye umeme wa uhakika. Kwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Mzee akiliwaza hilo, alinywea.

"Umezima tena?" mkewe aliuliza siku hiyo, akichagua maharage mlangoni.

"Zimejaa, mama watoto. Husikii zinavyochemka?"

"Na mimi maharage yakianza tu kuchemka, nikuepulie ule?"

Mzee akageuka kuitazama swichi.

"Washa, mzee wangu. Niachie jua langu."

Akawasha. Akafungua buti wazi hewa ipite, akachuchumaa kando, mkono kwenye swichi, jasho likimtiririka. Hakuna kilichopasuka. Mshale wa volti ulitulia pale pale juu. Mshale wa pili, wa umeme unaoingia, ndio ulioshuka, tena kwa mwendo wa kinyonga. Kumbe betri zilikuwa bado zinakunywa, ila sasa kwa mafunda madogo madogo. Mchana kutwa zilikunywa.

Jua hilo alilitukana maisha yake yote kwa kumbabua shingo na kumpasulia matairi. Leo lilikuwa linaingia nyumbani kwake bila kelele, linamwekea mkewe akiba ya pumzi. Mzee aliona haya, kisha machozi yakamlengalenga. Jioni ikawaka taa ya kijani ya betri zilizojaa, ambayo hajapata kuiona tangu wanunue mitambo ile, naye akavua kofia bila kujua anamvulia nani.

Usiku alijiapiza kukesha, usingizi ukamwiba. Aliposhtuka kulikuwa kumepambazuka, mwanga umejaa basi zima, moyo ukampiga paa! Akageukia kitanda cha mkewe kwa hofu.

Mashine ilikuwa inavuta na kusukuma, taratibu. Kifua cha mkewe kilipanda, kikashuka. Nje jua jipya lilikuwa limeshachomoza, na yeye alikuwa bado anapumua la jana.