Ekari za Kwenye Daftari

Bwana shamba alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Siku aliyoleta mradi wa parachichi aliahidi mambo mawili: atakayeng'oa bangi kwa hiari yake atapewa miche bure, na daftari la majina halitatoka ofisini kwake. "Hili ni la miche tu, jamani," alisema akilipigapiga kwa kiganja. "Mimi si polisi, mimi ni mtu wa mbolea." Watu wakacheka. Anayekuchekesha ni vigumu kumshuku.

Kazi ya kuandika majina ilimwangukia mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, mwanamke wa makamo ambaye neno lake lilisikilizwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelima bangi miaka kumi na miwili. Ilimsomeshea watoto, lakini aliichoka kama mtu anavyomchoka mgeni asiyeaga. Alitaka mbwa wabweke naye aendelee kulala. Ndiyo maana alipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenzake, na kwa kuwa ni yeye, walikubali.

Ila kulikuwa na kanuni moja: miche ilitolewa kulingana na ukubwa wa shamba la bangi lililong'olewa. Hapo ndipo watu walipojimaliza wenyewe. Fundi cherehani, aliyekuwa na matuta manne nyuma ya jiko, akaandikisha ekari mbili. Jirani yake kusikia hivyo, akasema tatu. Wala hakuna aliyekwenda kupima. Watu waliokuwa wakiificha bangi hata kwa mashemeji zao sasa walishindana kujisifia, na mwenyekiti aliandika huku mbavu zikimuuma kwa kicheko.

Aliyekataa ni mmoja tu, mdogo wake wa kiume. Huyo alifuga mbuzi. Bangi hakuwahi kupanda hata mbegu.

"Dada, niandikishe nini? Nitubu dhambi ya jirani?"

"Andikisha nusu ekari upate miche hamsini. Nani atakuuliza?"

"Haya. Wewe ndiye mkubwa," akasema, akatia dole gumba.

Kwa awamu ya pili ya miche waliitwa ghalani asubuhi ya Jumatatu. Walikuja na vikapu, wengine wamevaa nguo zao za kutokea. Hapakuwa na mche hata mmoja. Palikuwa na askari, na mkuu wa kituo alikuwa ameshika daftari. Akasoma majina na ekari, moja baada ya jingine, na kila aliyeitikia akapandishwa kwenye lori.

"Matuta manne, afande!" fundi cherehani alilia. "Haki ya Mungu, matuta manne!"

Majina yalikuwa ishirini na mawili. La mwenyekiti halikusomwa. Kutoka juu ya lori wote walimtazama, na hakuna aliyemtukana. Heri wangemtukana.

Alimkuta bwana shamba kituoni, akinywa chai na mkuu wa kituo.

"Ulisema ni daftari la miche!" mwenyekiti alifoka.

"Lilikuwa la miche, mama. Wakubwa wakaliomba, ningefanyaje? Jina lako nimelitoa kwa mkono wangu mwenyewe. Shukuru."

Alitamani kummwagia ile chai usoni. Badala yake akamgeukia mkuu wa kituo. "Mdogo wangu hajawahi kulima bangi. Ile nusu ekari ni uongo, niliitunga mimi."

Mkuu akaweka kikombe chini, akavuta karatasi. "Vizuri. Hilo tunalirekebisha leo hii. Kwa hiyo uongo ni wake tu? Hawa wengine ishirini na mmoja walilima?"

Mahabusu walikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, na kule ndani minong'ono ilikoma ghafla. Hapo mwenyekiti akaelewa alikofikishwa. Akisema daftari zima ni uongo, hata mtoto mdogo hatamwamini. Akinyamaza, mdogo wake atafungwa bila kosa, kwa sababu tu alimtii dada yake.

"Dada," sauti ya mdogo wake ikapenya kwenye mbao. "Usiseme kitu. Nakuomba."

Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba yule mtoto mgongoni. Aliogopa, na aliona aibu, na bado mdomo ukafunguka.

"Ni yeye tu," akasema. "Wengine walilima."

Akatia saini. Mkuu akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaagiza mlango ufunguliwe na kijana atoke.

Kijana hakutoka. Alikaa pale pale sakafuni, bega kwa bega na fundi cherehani, akamwambia askari kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Dada yangu anadanganya. Na mimi nililima. Nusu ekari."