Masikio ya Citoyen Mabati

Omer Kalunga alikuwa fundi wa umeme katika ateliye, yaani karakana, ya reli, jirani na bandari ya Kalemie. Kwenye karatasi za serikali hakuwa Omer. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa kwa miaka kumi na zaidi, na karatasi zilimwita Kalunga wa Mbuyu tu. Lakini nyumbani kwake, mtaa wa Kataki, na kanisani, na hata kazini mkubwa wake akiwa hayupo, alibaki Omer. Alikuwa na miaka arobaini na saba, mtu mpole, asiyependa makelele. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kukiona kitu kilichokufa, iwe redio, iwe pampu, bila kukifungua ili ajue kilichokiua.

Mwaka 1983 mapadri walianza kuonyesha filme katika ukumbi wa misioni, Jumamosi mchana. Filme zilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, zimechakaa, zinakatika katikati. Siku moja ilikuja filme ya watu waliosafiri kwenda kwenye nyota wakiwa na mtumishi wa chuma. Mtumishi yule alitembea, alibeba mizigo, alijibu alipoulizwa. Mwishowe aliwageukia mabwana zake na kuwamaliza mmoja mmoja. Ukumbi mzima ulipiga mayowe. Omer alikuwa anaangalia kiwiko cha yule mtumishi.

“Umeona namna mukono wake unajikunja?” alimuuliza Pontien walipotoka nje. Pontien alikuwa mwalimu wa fizikia kwenye sekondari, rafiki yake tangu ujana, na kila Jumamosi walikaa benchi moja.

“Ile njo muntu amevaa bati,” Pontien alisema. “Muzungu iko ndani, anatoka jasho.”

“Najua. Lakini inaweza kufanyika bila muntu ndani.”

Pontien alitembea hatua chache akifikiri. “Inaweza,” alisema.

Walianza hivyo. Kifua walikikata kwenye pipa la mafuta. Mikono ilikuwa mabomba ya maji, na iliinuka kwa mota ndogo za kufutia vioo vya gari, walizozitoa kwenye Land Rover iliyokufa nyuma ya garaji. Miguu haikuwezekana, kwa hiyo walimpa magurudumu ya kitoroli na kuyafunika kwa sketi ya bati. Kichwa kilikuwa sufuria iliyopinduliwa, macho balbu mbili za tochi zilizopakwa rangi nyekundu. Betri ya lori ilikaa tumboni.

Odile, mke wa Omer, alishona nguo kwenye baraza huku akiwasikiliza wanavyogonga uani. Siku moja alisimamisha cherehani yake.

“Papa Célestine,” alimwita mumewe kwa jina la binti yao aliyeolewa kule Kabalo. “Mule ndani ya filme, muntu wa chuma alifanya nini mwishoni?”

“Aliua mabwana zake.”

“Na wewe unamutengeneza.”

“Ile ni filme, Mama. Huyu hawezi hata kupanda ngazi.”

Odile alirudi kwenye cherehani. Hakucheka.

Sauti ilikuwa kazi ya Pontien. Hakutaka mtu wa chuma aseme maneno yaleyale kama redio. Alitaka ashike sauti ya mtu na kuirudisha. Walifunga redio-kaseti nyuma ya mlango mdogo kifuani, na Pontien akatengeneza kifaa kidogo kilichoamsha kaseti kila mtu aliposema karibu, na kuilaza tena kukiwa kimya. Walipokijaribu mara ya kwanza, Omer alisema, “Jina lako nani?” Akabonyeza swichi, na kifua cha bati kikamuuliza kwa sauti yake mwenyewe: “Jina lako nani?” Waliangua kicheko kama watoto. Kazi hiyo iliwachukua mwaka mzima na nusu.

Kazi ikiwa bado inaendelea, mwishoni mwa 1984, waasi wenye watu wao katika misitu ya Fizi walivuka milima na kuingia mji wa Moba. Askari walijaa Kalemie. Watu wenye ndugu upande wa Fizi, wavuvi na wachuuzi wa ziwani, walianza kuangaliwa kwa jicho jingine. Vizuizi viliwekwa njiani, na watu wakajifunza kupunguza sauti wakipita mbele ya gari lisilo na namba.

Tarehe 20 Mei 1985, sikukuu ya chama tawala, mkubwa wa mtaa alimwomba Omer alete mashine yake kwenye gwaride. Mtu wa chuma walimfunga kitambaa cha kijani, rangi ya chama, shingoni. Alipopita mbele ya jukwaa, mikono inapanda na kushuka, mtu mmoja kwenye umati aliita, “Citoyen Mabati, mbele!” Citoyen, yaani raia, ndivyo kila mtu alivyotakiwa kuitwa siku zile, na jina likamganda. Wakubwa walicheka mpaka wakajifuta macho. Omer, aliyekuwa anamsukuma kidogo kwa nyuma bila kuonekana, alijiona mtu. Hakuna aliyewahi kumshangilia maishani mwake.

Jukwaani kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Siku ya tatu alikuja Kataki, amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali, ya kahawia, iliyopigwa pasi vizuri. Alisema anaitwa Citoyen Kapinga, anafanya kazi katika biro fulani ya serikali, na hakueleza biro gani. Odile alimletea kiti na maji. Maji hakuyagusa.

“Wanasema mashine yako inasikia,” alisema.

Omer angeweza kujibu kwamba ni mchezo tu. Lakini kwa muda wa mwaka na nusu hakupata mtu wa kumuuliza habari za kazi yake kwa utulivu namna ile. Alifungua mlango wa kifua. Alieleza yote: mikro ya kushika sauti ilipojificha, namna kaseti inavyoamka yenyewe, namna inavyolala. Kapinga aliinama akaangalia kwa makini.

“Kwa hiyo watu hawajui wakati inashika.”

“Hapana, Citoyen. Haina kelele.”

“Umetengeneza wewe peke yako?”

“Na rafiki yangu, mwalimu Pontien. Ameenda Kongolo kusahihisha mitihani.”

Kapinga aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu mfukoni. “Kazi nzuri haifai kukaa uani,” alisema. “Tutamuweka kwa Mama Émérence, watu wafurahi. Wewe utabadilisha kaseti kila Jumapili. Mimi nitapita Jumatatu kuichukua.”

“Kaseti za nini, Citoyen?”

“Za kuhifadhi furaha ya raia.”

Alipoondoka, Odile alimwaga yale maji mlangoni. “Mupelekee muntu huyu mashine, usimupelekee masikio,” alisema. “Ng'oa ile kitu ya ndani.”

“Ameshaiona, Mama. Nitasema nini?”

Buveti ya Mama Émérence, baa ndogo ya pombe, ilikuwa karibu na geti la bandari. Mchana wapakiaji, wavuvi na watu wa reli walikusanyika pale, na Mabati akasimamishwa pembeni mwa kaunta. Walimpenda mara moja. Walimsalimia wakiingia, walimwekea chupa tupu mkononi, wakilewa walimshika bega na kumwambia matatizo ya nyumba zao. Mama Émérence, ambaye hakujua kitu, alifurahi kuona viti vimejaa.

Jumapili ya kwanza Omer alitoa kaseti, akaweka mpya, na hakuisikiliza. Alijiambia kwamba asiyesikia hana kosa. Jumapili ya pili alishindwa kujizuia. Alikaa uani, akaiweka kwenye redio yake. Vicheko, glasi, mtu anaimba. Halafu sauti aliyoitambua, ya Salomon, mvuvi wa kutoka upande wa Fizi, aliyewauzia samaki kila wiki. Salomon alikuwa anaongea taratibu, karibu kabisa na mikro.

“Wewe Mabati hauna ndugu,” sauti ilisema. “Mimi niko na ndugu mule muporini. Mama yetu anakufa, na siwezi hata kumutumia habari.”

Omer alizima redio. Alikaa na ile kaseti mkononi mpaka jua likahama uani. Aliwaza kuifuta. Aliwaza pia Kapinga atakavyouliza kwa nini ni tupu, akiwa amesimama pale mlangoni na ile abakosti yake. Jumatatu asubuhi alimpa.

Alhamisi Salomon hakuja na samaki. Ijumaa mkewe, Emilie, alionekana anapita nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna aliyemwona mumewe. Alifika pia kwa Omer. Mtumbwi uko ufukweni, alisema, nyavu ziko nyumbani, viatu vyake viko chini ya kitanda. Muntu anaenda wapi bila viatu?

“Sijamuona, Mama Emilie,” Omer alisema, na ilikuwa kweli.

Odile alimwangalia mumewe wakati mwanamke yule anaondoka. Tangu siku ile alimwekea chakula mezani na kwenda kula barazani.

Omer aliendelea. Wiki mbili tena alitoa kaseti, akaweka kaseti. Alizisikiliza zote sasa, na kila aliposikia jina la mtu alirudisha kaseti nyuma asikie tena. Hakuwa tena na uhakika ni neno gani la hatari na lipi si la hatari. Mtu akilalamika bei ya unga, alizima redio. Mtu akicheka sana, alizima pia.

Jumapili ya mwanzo wa Julai, baada ya misa, aliweka kaseti kwenye redio kama kawaida, na karibu na mwisho ikaja sauti ya Pontien. Alikuwa amerudi kwa treni ya Ijumaa, na kabla ya kufika kwake alipita buveti.

“Ndugu Mabati,” Pontien alisema, sauti imejaa furaha, “umekuwa mukubwa. Mimi baba yako nimerudi na njaa. Miezi mine walimu hawajapata kitu. Kule Kongolo tunasahihisha mitihani na tumbo tupu, na picha ya Guide, prezida wetu, juu ya ukuta inatuangalia, shavu limejaa. Siku moja watu watachoka. Na wewe utakuwa upande gani?”

Kisha kicheko chake.

Omer hakufikiri tena. Alitia kaseti mfukoni, akaenda mbio, na viatu vya kanisani, mpaka kwa Pontien. Alimkuta anakunywa chai mlangoni. Alimweleza yote akiwa amesimama, kuanzia siku ya maji yasiyoguswa. Pontien alisikiliza bila kumkatiza. Kikombe alikiweka chini.

“Salomon ulimusikia siku gani?”

“Ina wiki tatu.”

“Wiki tatu,” Pontien alisema. “Na ulinyamaza.”

“Nilikuwa na woga, ndugu yangu.”

“Kile kifaa nilikitengeneza mimi, na mikono hii.” Aliitazama mikono yake. “Nilitaka tucheke tu.”

“Kaseti niko nayo hapa. Nitaiharibu. Lakini wewe jina lako nililitaja mwenyewe, mwanzoni. Uondoke leo.”

Pontien aliingia ndani. Alitoka na mfuko mmoja na koti. Mchana uleule wavuvi wa Fizi waliokuwa wanavuka kwenda Kigoma walimkubalia nafasi kati ya magunia ya dagaa. Omer alitaka kumshika mkono ufukweni. Pontien alipanda bila kugeuka.

Kutoka pale Omer alikwenda moja kwa moja buveti. Alimwambia Mama Émérence kwamba betri inavuja. Alifungua kifua, akang'oa mikro, kifaa, redio-kaseti, nyaya zote, akazifunga ndani ya koti lake. Kwenye daraja la Lukuga aliziacha zianguke mtoni, na ile kaseti pia.

Jumatatu alimngojea Kapinga uani, amevaa shati safi, kwa maana aliamini atalala kwingine. Alisema vyombo vyote vya ndani vimeungua. Kapinga alitaka kuona. Walikwenda pamoja buveti. Kapinga aliinama mbele ya kifua kitupu, akachungulia muda mrefu, halafu akafunga ule mlango mdogo taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

“Na mwalimu?”

“Sijui, Citoyen. Nimesikia amesafiri.”

“Hakuna neno.” Kapinga aligeuka kuangalia buveti. Wapakiaji watano walikuwa wamekaa pale, na hakuna aliyefungua mdomo. Habari za Salomon zilikuwa zimeanza kuunganishwa na mahali alipopenda kukaa, kando ya Mabati. “Unaona? Wameshajua kama anasikia. Sasa hata akiwa mutupu, kazi ataifanya. Pengine ataifanya vizuri zaidi.”

Wiki ile watu wa Kapinga walimhamisha Mabati kwenye geti la bandari, mahali kila mtu anapopita. Walimpaka rangi ya kijani. Asubuhi na jioni wapakiaji walifika mbele yake wakiongea, wakanyamaza, wakapita, na hatua thelathini mbele wakaanza kuongea tena, chini kwa chini.

Omer hawakumkamata. Alingoja mwezi mmoja, alingoja miezi miwili. Kila gari lililopunguza mwendo alijua limekuja kumchukua, na kila gari lilipita. Polepole alifahamu kwamba ule ndio ubaya wenyewe. Salomon alipotea, mwalimu alikimbia, na aliyetengeneza mashine alikuwa anakwenda kazini kila siku. Watu walijua kuhesabu. Ateliyeni mazungumzo yalikatika alipoingia. Aliposema, “Jamani, mule ndani hamuna kitu, nilitoa mwenyewe,” walimjibu kwa heshima, “Ndiyo, Papa Omer,” na kushika tena kazi.

Mtu mmoja tu aliongea mbele ya Mabati. Emilie alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Alitua beseni yake ya samaki chini, akasimama karibu na kile kifua cha pipa, akasema kwa sauti ya kawaida, jina la mumewe, siku aliyopotea, shati alilovaa. Alisema mama mkwe amekufa na kuzikwa. Alisema wanakula vibaya. Askari wa geti walimwacha, walijifanya hawaoni.

Omer alimwona hivyo muda mrefu, akipita upande wa pili wa njia. Asubuhi moja ya Oktoba, mvua imetoka kunyesha, alivuka njia.

“Mama Emilie,” alisema, “usijisumbue. Hasikii. Hamuna kitu mule ndani, ni bati tu.”

Emilie alimgeukia. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika.

“Salomon wangu, ulimusikia wewe?” aliuliza.

King'ora cha ateliye kililia, cha kuanza kazi. Omer alibaki amesimama.

“Nilimusikia, Mama.”

“Alisema nini?”

Askari wa geti alikuwa ameacha kusafisha bunduki yake. Omer alianza kumweleza, neno kwa neno kama lilivyokuwa kwenye kaseti, habari za ndugu aliye porini na za mama anayekufa, na alipofika mwisho Emilie alimwomba arudie.