Kipimaukweli cha Zuleica

Zuleica wa Quitunda, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa msusi, na mteja akiondoka tu alishika simu yake, akafungua programu ya kuandikia kodi, yaani yale maagizo yanayoiendesha simu, na kuendelea kujifundisha. Kidole gumba kilimuuma. Akisahau alama moja tu ya kufunga, ukurasa mzima ulibaki mweupe, naye akaanza kuutafuta mstari wenye kosa, akiulaani kimoyomoyo.

Juma lile alikuwa na sababu ya kumaliza programu yake ya kwanza. Kitenge alichonunua wifi yake, Saquina, kwa Rama kilikuwa kimechuja kikaharibu nguo zote kwenye beseni, na Rama, mchuuzi aliyevusha vitenge mpakani Namoto kutoka Tanzania, aliapa kwamba vyake havichuji hata vikichemshwa.

Rama alipopita tena na furushi lake, Zuleica alimkaribisha kibarazani. Wanawake watano walikuwa wamekaa wakisubiri kusukwa.

"Kaka Rama, weka kidole hapa katikati. Hiki ni kipimaukweli."

Rama akacheka, akaweka.

"Unaitwa Rama?"

"Ndiyo."

Simu ikawa kijani: KWELI.

"Umeoa?"

"Bado, natafuta," akasema Rama, akiwakonyeza wanawake.

Simu ikawa nyekundu: UONGO.

Kibaraza kikalipuka kwa vicheko. Hakuna aliyeona kidole gumba cha Zuleica kikigusa ukingo wa kioo: kushoto kweli, kulia uongo. Ndivyo alivyoiandika.

"Na vitenge vyako, havichuji?"

Rama akaitazama simu. Jasho likamtoka puani. Akakichomoa kidole kama aliyeshika chungu cha moto.

"Hivi vya juu havichuji," akasema taratibu. "Vya chini... mvifue peke yake, kwa chumvi."

Saquina akachagua kitenge cha juu, akamrudishia kile kilichochuja. Rama hakubisha. Alichoomba ni kimoja tu: awekewe kifaa kile kwenye simu yake, akawapime wanaomuuzia mzigo.

Zuleica akainamia simu, akafuta mistari sita ya kuchagua jibu, akabakiza mmoja, akamtumia.

Baada ya siku nne Rama alirudi amevimba kwa hasira.

"Dada, umenigombanisha! Nimemuuliza tajiri wangu jina lake, simu ikasema uongo. Nikamuuliza kama yu hai, uongo! Amenifukuza dukani mbele za watu."

Zuleica alijikaza asicheke, akashindwa. Kisha akaona haya kidogo, akasogea mkekani, akamfungulia ile kodi. Rama akaifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka alipolikuta neno UONGO limekaa peke yake.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Na siku ile, ya vitenge?"

"Kwenye swali la vitenge sikugusa kitu, kaka. Ulijisema mwenyewe."

Saquina, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, aliangua kicheko mpaka ungo ukamponyoka. Rama akanuna, kisha akakaa chini, akavua kofia.

"Haya," akasema, "nionyeshe unavyoiandika."