Kaburi la Blanketi

Nilikuwa mkalimani wa boma la Mbeya kwa miaka kumi na minne, na kama kuna kazi inayomchosha mtu bila kumtoa jasho, ni hiyo. Kutwa nzima unabeba maneno ya watu wengine kutoka upande huu kwenda upande ule. Ukikosea, wa kwanza kulaumiwa ni wewe. Ukipatia, hakuna anayekumbuka kuwa ulikuwepo. Kufikia mwaka 1937 nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata nikienda nyumbani Tunduma, mama akiniuliza kama nimekula, nilinyamaza kwanza kama ninayesubiri mtu amalize kusema.

Mwaka ule tulikuwa na bwana shauri kijana aliyependa maneno kama Wazungu wengine wanavyopenda mbwa. Siku moja ya mvua, kesi hakuna, aliniita mezani kwake akafungua kamusi nene. Neno lenyewe lilikuwa "escape". Nililijua vizuri, maana halikupita juma bila kunipitia mdomoni. Mtu akitoroka jela, ni hilo. Akiponea chupuchupu kuliwa na simba, ni hilo. Moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, hata jina la mtu likikutoka kichwani naye amesimama mbele yako, bado ni hilohilo. Nikawaza kuwa hawa wenzetu ni wavivu kweli, neno moja wanalitwisha mizigo ya maneno matano.

Bwana shauri akasema utamu uko kwenye asili yake. Zamani sana, kwa Warumi, yalikuwa maneno mawili: nje, na joho. Unamkamata mtu kwa joho lake, yeye anajichomoa na kwenda zake. Unabaki umeshika nguo. Alicheka peke yake kwa muda mrefu. Mimi nilitazama mvua, nikasema, "Ndiyo, Bwana," nikarudi kwenye benchi langu.

Wakati huo mdogo wangu Kasiani alikuwa machimboni. Aliondoka Januari kwenda kuchimba dhahabu ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Mkwajuni, kwa mkataba wa miezi sita. Kila aliyetia dole gumba kwenye ule mkataba alipewa blanketi la kijivu lenye alama nyeusi ya Mzungu mwenye machimbo. Mkewe, Nesta, alikuwa na mimba changa. Alishona kitambaa chekundu kwenye pembe ya blanketi ili mumewe asije akabadilishiwa na wenzake, kisha akamsindikiza hadi njia panda akarudi kulima.

Mwishoni mwa Machi nyapara wa machimbo yale alifika boma akiwa na blanketi lililolowa, linanuka tope. Alisema kibarua mmoja amesombwa na mto Songwe wakati wa kuvuka. Nilimfasiria bwana shauri neno kwa neno, kwa sauti ileile ninayotumia kwenye kesi za mbuzi. Nilipofika kwenye "amekufa", nyapara akalikunjua blanketi, nikaona kitambaa chekundu.

Nililibeba mwenyewe hadi nyumbani. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa nguo yake, roho isije ikazurura njiani. Tulichimba kaburi la urefu wa mtu. Mzee wa kanisa alisita kuliombea blanketi, lakini mama yangu, Tabita, alimkazia macho, naye akaomba. Nesta alinyolewa nywele. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka tu, na aibu ya jambo hilo ninayo hadi leo.

Juni nikapewa likizo. Sijamaliza siku mbili nyumbani, mjomba wetu wa ng'ambo ya mpaka akatuma ujumbe: njoo, na uje peke yako. Mpaka wenyewe siku zile ulikuwa unauvuka huku unasalimiana na watu wa kila upande, kwa hiyo sikuchelewa. Uani kwa mjomba kulikuwa na mtu amekaa anapukuchua mahindi, amenipa mgongo.

"Mwapoleni, kaka," akanisalimu kwa lugha ya kwetu, bila kugeuka. Alikuwa amezitambua hatua zangu.

Nilikaa palepale kwenye maganda, na machozi ya Machi yakanijia yote kwa pamoja. Nilipomaliza kulia nikamtukana. Kisha nikamshika masikio yote mawili kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, nione kama ni ya moto.

Alinieleza. Shimo liliporomoka likamfukia mwenzake, Jonasi wa Ibaba, na kesho yake wakaambiwa washuke shimoni mlemle. Yeye hakushuka. Alfajiri alishika njia ya nyumbani. Nyapara akamfikia mtoni, akalikamata blanketi alilokuwa amelifunga shingoni.

"Nikafungua fundo, kaka," akasema. "Nikaingia majini. Yeye akabaki nalo."

Aliogopa kukamatwa nyumbani, akapitiliza hadi kwa mjomba. Nyapara naye aliogopa kwenda kusema mtu amemponyoka, akaona lawama aubebeshe mto. Mto haujitetei.

Nikakisikia kile kicheko cha bwana shauri kichwani mwangu. Nikamwambia Kasiani, "Basi umepona. Serikali inajua umekufa, na mfu hakamatwi. Baki huku kwa wajomba, chukua jina lingine. Nesta nitakuletea."

"Mtoto je?" akauliza.

Nilijua anachouliza. Kwetu, mtoto anayezaliwa baba yake akiwa amezikwa hurithi jina la baba. Jina likishatolewa, mwenyewe hana tena pa kurudi. Hata akitokea mlangoni, watu humpisha kama mgeni. Nesta alikuwa amebakiza mwezi mmoja.

Nilirudi nikamweleza Nesta kwa sauti ya chini, nyuma ya kihenge. Hakupiga kelele. Alishika ukuta, akajikalisha taratibu na tumbo lake. Nikamwambia mpango wangu.

"Shemeji," akasema, "mimi nimenyolewa kwa ajili ya mtu. Kama yu hai, aje akione hiki kipara. Siendi kumzalia mzimu mtoto ugenini."

"Akija atafungwa."

"Waliofungwa hutoka. Mwambie aje atoke kaburini kwanza."

Kutoka kaburini kuna utaratibu wake. Aliyezikwa nguo akirudi, kaburi hufunguliwa mchana mbele ya ukoo na mkuu wa kijiji, naye huitoa nguo kwa mikono yake. Jumbe wetu, Efraimu, alikuwa mtu mwema aliyechoka kama mimi. Alinivuta pembeni.

"Enoka, mwanangu, likifunguliwa mbele yangu itanibidi nipeleke habari boma. Nina watoto, na kofia hii ni ya serikali. Likikaa hivihivi, mimi sijaona kitu."

Nilimpelekea Kasiani maneno ya Nesta na ya jumbe yote mawili, bila kuongeza wala kupunguza. Hiyo ndiyo kazi niliyoizoea. Moyoni niliomba ayasikilize ya jumbe. Akaosha mikono vumbi la mahindi, akasema, "Twende."

Kaburi lilifunguliwa saa tatu asubuhi. Kasiani aliinama akalitoa blanketi lake kwenye udongo. Pembe moja ilikuwa imeoza, lakini kitambaa chekundu kilikuwa chekundu vilevile, na alama nyeusi ya Mzungu ilisomeka. Mama alimpapasa uso kwa viganja vyote viwili kama anayetafuta uchafu kwenye unga. Nesta alikuja mwisho. Alimpiga ngumi ya kifua, ya pili, ya tatu, kisha akaegemea hapohapo alipokuwa akipiga. Nililia tena, na safari hii sikuona aibu.

Hatukusubiri aje askari. Kasiani alilifua blanketi mtoni, akajifunika, tukatembea siku tatu hadi Mbeya. Ilikuwa baridi ile ya mwisho wa Juni, nyasi zinaamka nyeupe. Nilimuuliza kama anaogopa, akasema anaogopa shimo, jela haiogopi.

Mbele ya bwana shauri nilisimama mahali pangu pa kila siku. Akasoma shitaka, nikamfasiria ndugu yangu: je, ni kweli alitoroka? Kasiani alivua blanketi akaliweka mezani.

"Mwambie nilimwachia nyapara nguo, nikaenda zangu. Sasa nimerudi nikaichukua."

Nikasema hayo. Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya kwa miaka kumi na minne: nikaendelea kusema, maneno yangu mwenyewe. Nikaeleza shimo na Jonasi, nyapara na mto, kaburi, kile kipara cha Nesta, mtoto anayesubiri jina. Bwana shauri alisikiliza macho yakizidi kung'aa. Nilipomaliza alipiga meza kwa furaha.

"Joho!" akasema. "Ni lilelile, Enoka! Wewe umeliona?"

Akatoa daftari lake dogo akaandika, akauliza jina la mto linaandikwaje, akaandika tena. Nami, mjinga, nikapumua. Nikawaza kuwa mtu aliyeelewa namna hii hawezi kumfunga mwenzake.

Akafunga daftari, akafungua kitabu cha sheria. Miezi miwili jela, kisha arudishwe machimboni amalize mkataba wake. Blanketi, kwa kuwa mwenyewe yu hai, lilikuwa tena mali ya mwajiri, libaki boma. Akanitazama akisubiri nifasirie.

Nilifungua mdomo. Nikamgeukia Kasiani.

"Acha, kaka," Kasiani akasema polepole. "Nimekwisha soma usoni mwako."

Alikuwa amesimama na shati lililochanika mgongoni, anatetemeka. Nilikuwa nimevaa koti la kazi, la kaki, lenye vifungo vya shaba, koti ambalo watoto wa Tunduma walilijua kuliko walivyonijua mimi. Nikafungua vifungo kimoja kimoja, nikamvika. Askari alimtazama bwana shauri, na bwana shauri alikuwa amelifungua daftari tena. Nikatoka nje na shati tupu, nikashika njia ya nyumbani, sikurudi.

Siku ya kumi akaja askari kuuliza Bwana amwandike Enoka kuwa yuko wapi. Nilikuwa shambani. Nikamwambia, "Mwambie anitafute kwenye kamusi yake." Hakuelewa. Tukampa uji, akanywa, akaenda.

Nesta alijifungua Julai, mtoto wa kike. Wazee walipouliza jina, alisema baba yake yu hai na atampa mwenyewe. Miezi mitano mtoto yule aliitwa mtoto tu, na watu walimcheka Nesta, wengine wakasema anamtafutia mwanawe mkosi. Kila jioni mama alikwenda kusimama kando ya lile kaburi tulilokuwa hatujalifukia. Machimboni mashimo yaliporomoka mwaka ule pia, na habari zilitufikia.

Desemba, mvua za kwanza zikinyesha, mtu alitokea njia panda amevaa koti lililobakiwa na vifungo viwili. Hakuketi, hakunywa maji. Alimpokea mtoto kwa Nesta, akamfunika ndani ya koti, akamwita Ikupa.

Baadaye alitaka kunirudishia koti, nikakataa. Tulichukua majembe, yeye na mimi, tukaenda kulifukia lile kaburi. Siku hizi nachoka mgongo na mikono, na huo ni uchovu unaoisha mtu akilala.