Wa Pili Kukata Majani

Katika bonde lile hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata majani ya kulisha kondoo majira ya baridi, wala hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Wa kwanza, majani yake yakinyeshewa kabla hayajakauka, atachekwa mpaka kondoo washuke kutoka mlimani mwisho wa kiangazi. Wa mwisho ni mvivu, na mvivu hata mchungaji wa kanisa humpa mkono kwa ncha za vidole. Mahali pazuri palikuwa pa pili, na mashamba yote ya bondeni yalipagombania kwa ustaarabu mkubwa, yaani kwa kukaa ndani na kuchungulia.

Aliyechunguliwa ni Ketill wa shamba la Bakki. Ketill akiwasha trekta, bonde zima linawasha. Ketill akirudi ndani kunywa kahawa, bonde zima linakumbuka kwamba na lenyewe lina kiu.

Steinvör wa Hvammur alichungulia kuliko wote, kwa sababu Bakki ilikuwa mbele ya dirisha la jikoni lake, ng'ambo ya mto. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyewavuta wanakondoo wengi kutoka matumboni mwa mama zao. Kila asubuhi alichukua darubini ya marehemu mumewe, Oddur, akaielekeza kwa Ketill. Hakuwa amesema naye kwa miaka saba. Lakini kutosema na mtu ni jambo moja na kumtazama ni jingine. Usipomtazama, utajuaje kama bado humsemeshi?

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kahawa ya matanga. Siku alipomzika Oddur, Steinvör alikuwa ameandaa keki za tabaka, chapati nyembamba za sukari, na nyama ya kondoo ya moshi iliyokatwa vipande vyembamba hata unaona sahani chini yake. Ketill alikula vyote, hakubagua. Kisha akainua kikombe, akakitazama mpaka chini, akasema, "Nyepesi." Neno moja tu, basi. Mtu amezika mume mchana, jioni anaambiwa kahawa yake inaonyesha kitako cha kikombe. Tangu hapo wakipishana njiani, kila mmoja na trekta yake, huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, maana wamegombana, hawajawa washenzi.

Mwaka huo mvua ilikuja mwanzo wa kiangazi ikakaa, kama mgeni ambaye hajawahi kusikia habari za jembe la siku ya tatu. Majani yalirefuka, yakalala, yakaanza kugeuka manjano chini. Kila jioni redio iliahidi manyunyu hapa na pale, na hapa na pale kila mara ikawa Hvammur.

Mwaka mwingine Steinvör angenung'unika tu. Mwaka huu aliogopa. Katika majira ya baridi watoto wake wawili walikuwa wamekuja kutoka mjini Reykjavík, wakakaa mezani kwake, wakampangia maisha kwa upole wa kutisha. Mama amechoka. Mama yuko peke yake. Kuna nyumba nzuri ghorofa ya nne, ina lifti. Steinvör alikasirika, na hasira zake zilikuwa na tabia mbaya ya kutoa ahadi. "Nisipojaza banda la majani kiangazi kijacho," alisema, "pelekeni kondoo machinjioni, na mimi nipandisheni kwenye hiyo lifti yenu." Watoto hawakubisha. Walimshukuru.

Sasa binti yake, Dagrún, alikuwa amekuja kusaidia kukata majani, au kufunga mizigo, itakavyokuwa. Hakuwa mtoto mbaya. Katika wiki zile za mvua aliingia bandani akaosha trekta, akanoa visu vya kukatia, akapaka grisi kila kilichozunguka na vingine visivyozunguka. Steinvör alishukuru kwa kunyamaza, ambayo ndiyo shukrani ya nyumba hiyo.

Alhamisi kukapambazuka kukavu. Mbingu ilikuwa safi, upepo wa kaskazini, na kipimahewa ukutani kilikuwa kimepanda kuahidi ukavu, hata Steinvör akakigonga kwa kidole kukikanya kisije kikamdanganya. Akachukua darubini.

"Jua hilo, Mama," Dagrún akasema. "Nitoe trekta?"

"Ketill hajakata."

"Ketill? Si huyo humsemeshi?"

"Kwani nimesema nitamsemesha? Nimesema hajakata."

Siku nzima Ketill hakukata. Alitoka, akatazama mbingu, akatazama Hvammur, akarudi ndani. Baada ya chakula akatoka tena kupaka rangi mlango ambao, kwa jinsi Steinvör alivyoujua, haukuwa na shida ya rangi. Kwenye mashamba mengine hali ilikuwa hiyo hiyo. Hazijawahi kutengenezwa nyua nyingi kiasi kile katika bonde lile, na jua lilikuwa likiwaka bure juu ya majani yote.

Kama Oddur angekuwepo. Hilo ndilo lililomchoma Steinvör, na lilimchoma kila kiangazi. Oddur alijua mvua. Alikuwa akisimama dirishani pale pale, mikono nyuma, kimya, kahawa inapoa, kisha anasema, "Leo," na kweli huwa leo. Alipokufa aliondoka na ujuzi wake wote, hakumwachia mkewe hata punje. Kwa miaka saba Steinvör alikuwa akimfuata Ketill, na kila mara aliona aibu, kwamba shamba lilikuwa la mtu aliyejua na yeye ni mlinzi tu aliyesahauliwa mlangoni.

Ijumaa nayo ikaja kavu, kavu kabisa, siku ya ndoto. Kufika saa tano Ketill alikuwa akipaka mlango ule ule rangi ya pili. Dagrún hakuwa na la kufanya tena. Akaenda ukumbini, akaomba kituo cha simu kimwunganishe na Reykjavík, na Steinvör akamsikia akimwambia kaka yake kwa sauti ya chini, "Hakati. Amesimama tu pale na darubini. Mwambie mwenye nyumba tutaichukua."

Sauti ya chini haikusaidia kitu. Simu ya bonde ilikuwa waya mmoja kwa mashamba yote. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, na kila nyumba iliitika milio ya wenzake pia, kwa kunyanyua polepole na kuziba mdomo. Kwa hiyo Steinvör alijua kwamba wakati ule ule alipopata habari ya kuhama kwake, mashamba kumi mengine yaliipata.

Akarudi dirishani, akaielekeza darubini Bakki. Ketill naye alikuwa dirishani kwake. Ana darubini. Anamtazama.

Kumbe! Ndiyo maana hakati, Steinvör akawaza. Ana majani ya mwaka jana bandani, anaweza kungoja. Anangoja aone kondoo wangu wakipakiwa, halafu atanunua ile mbuga yangu ya kando ya mto, anywe kahawa nzito humu humu jikoni mwangu. Damu ikampanda. Akampokonya Dagrún simu, akakata, akazungusha mkono wa simu kwa nguvu: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Bakki.

Vifaa vya simu vikanyanyuliwa bonde zima, kimoja baada ya kimoja. Akasikia saa ya ukuta ya mtu. Akasikia birika la mtu. Akasikia pumzi za Bibi Hallbera wa shamba la juu kabisa, mwenye pumu, ambaye aliamini kwamba hakuna anayemtambua.

"Bakki," Ketill akasema.

"Steinvör hapa."

Saa ile ya ukuta ikaendelea kuhesabu. Miaka saba haipiti kooni kwa mara moja.

"Mbona hukati?" Steinvör akauliza.

"Mbona wewe hukati?"

"Usinirudishie swali langu, bwana. Unangoja nini?"

"Nakungoja wewe."

"Unaningoja mimi nihame."

"Nakungoja utoe trekta," Ketill akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayevuliwa nguo hadharani. "Mimi sijawahi kukata kabla Hvammur hawajatoa trekta. Tangu Oddur. Marehemu baba aliniambia, achana na kipimahewa, mtazame Oddur, yule anajua mvua. Oddur akitoa trekta uani, nami nakata. Na baada yake nikakutazama wewe, nikajua amekufundisha. Jana nimengoja, hukutoa. Leo hukutoa. Nikasema, huyu ameona mvua nisiyoiona."

Steinvör akaegemea ukuta. "Trekta huwa naitoa kuipaka grisi, Ketill."

"Grisi?"

"Nikiona jua naitoa uani kuipaka grisi, maana bandani ni giza. Oddur alifanya vivyo hivyo. Mwaka huu msichana ameipaka ndani, mvua ikinyesha."

Dagrún, aliyekuwa amesimama pembeni, akajiangalia mikono.

"Na kukata?" Ketill akauliza taratibu. "Oddur alijuaje siku ya kukata?"

Hapo Steinvör akamwona Oddur wake, dirishani, mikono nyuma. Miaka thelathini alimpelekea kahawa pale, akatazama mgongo wake kwa heshima, na hata siku moja hakuinama aone mgongo ule unatazama nini. Ulitazama Bakki. Alikuwa akingoja Ketill awashe trekta ndipo ageuke na uso wa nabii aseme, "Leo." Mshenzi mkubwa, Mungu amrehemu. Alitaka kucheka na alitaka kulia, na alimtamani awe hai dakika moja tu amtie kofi.

"Alikutazama wewe," akasema.

Hakuna aliyepumua kwenye waya, hata Hallbera. Bonde zima lilikuwa likihesabu viangazi vyake.

"Sasa nani alikuwa anajua mvua?" Ketill akauliza.

"Hakuna," Hallbera akadakia, pumu na yote, na kwa mara ya kwanza tangu waya uletwe hakujali kutambuliwa. "Hakuna mtu anayejua kitu hapa, na tumekula hivyo hivyo. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, wanangu, na matumbo yenyewe ni ya kondoo. Kateni."

Steinvör akaweka simu chini bila kuaga. Akavaa buti, akapita mbele ya binti yake, akatoa trekta, na hakusimama uani. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbuga ya kando ya mto, mahali ambapo kila dirisha lingemwona, akashusha visu.  Hakujua kama mvua itakuja. Sasa alijua tu kwamba hata wengine hawakujua, na ajabu ni kwamba hilo lilimtosha. Majani ya kwanza yalipolala, akasikia trekta ya Bakki ikiwaka, halafu nyingine, halafu nyingine, wote wakigombania nafasi ya pili.

Jumamosi walikuwa wakigeuza majani, mama na binti, mpaka mabega yakagoma. Jumapili hakukuwa na ibada, maana mchungaji naye alikuwa na kondoo wa kweli wa kulisha na alionekana juu ya trekta na sweta yenye matundu. Mchana wa siku hiyo wingu lilisimama juu ya mlima wa kusini, jeusi, halina haraka. Majani ya Steinvör yalikuwa yamekauka, yanalia yakishikwa, lakini nusu yalikuwa bado shambani na watu walikuwa wawili. Akapiga hesabu kwa macho akaona hawatawahi. Akaona lifti.

Ndipo trekta ya Bakki ikavuka mto, na gari la majani nyuma yake.

Ketill akashuka, akachukua uma, akaanza kupakia bila salamu.

"Na yako?" Steinvör akauliza. "Ulikata baada yangu. Yatalowa."

"Yatalowa."

"Ketill."

"Nina ya mwaka jana," Ketill akasema, akirusha. "Na mimi sina watoto wenye lifti. Pakia, mama, mvua hiyo."

Tone la kwanza lilianguka wakati Dagrún akifunga mlango wa banda, na banda lilikuwa limejaa hata mlango ukahitaji kusukumwa kwa makalio. Ng'ambo, majani ya Ketill yalilala mistari mistari, yakinyeshewa vizuri sana. Wakayatazama wote watatu. Mbele ya jambo kama hilo hakuna la kusema isipokuwa kumkaribisha mtu kahawa.

"Karibu kahawa," Steinvör akasema.

"Hapana, asante."

"Ingia."

"Usijisumbue."

"Iko tayari."

"Labda kidogo tu," Ketill akasema, akavua buti, kwa kuwa amekwisha kukataa inavyopasa.

Jikoni Dagrún alitoa keki ya tabaka. Steinvör akamimina. Alikuwa ameweka kahawa ya kutosha kijiko kusimama wima, au hivyo ndivyo alivyoamini. Ketill akanywa, akakitazama kikombe mpaka chini. Steinvör akangoja, birika mkononi.

"Nyepesi," Ketill akasema, kwa huzuni, kama mtu asiyejua kusema uongo hata akilipwa.

Steinvör akamwongeza kikombe cha pili, akijaza mpaka ukingoni.

Huko ukumbini Dagrún alikuwa amempata kaka yake kwenye simu. Akavuta pumzi amwambie, lakini pumzi nyingine ilimtangulia kwenye waya, ya pumu.

"Banda limejaa, kijana," Bibi Hallbera akasema. "Mwambie mwenye nyumba wako hatuji."