Kipanga wa Kwenye Kioo

Thuwein alikuwa kipanga mwenye pasipoti, na kwenye picha ya pasipoti alitazama pembeni kwa ukali sana. Hoteli moja ya Dubai Marina ilimwajiri afukuze njiwa waliokuwa wakichafua meza za wageni. Kazi yenyewe ilikuwa kulizunguka jengo kila asubuhi ili njiwa wamwone wakimbie.

Lakini jengo lote lilikuwa la vioo. Siku ya kwanza, Thuwein alipolikaribia, aliona kipanga mwingine anamjia usoni, kucha mbele. Akageuka mbio, akatua kwenye glavu ya mtunzaji wake, Jotham, akaingiza kichwa mwenyewe ndani ya kofia yake ya ngozi.

Siku ya tatu meneja alisema, "Jotham, Jumamosi asiporuka, khalas, basi. Anarudi kwa dalali akafungwe mguu kwenye kigingi. Tutanunua spika ya kupiga kelele."

Thuwein alisikia yote, maana kofia ile hufunika macho tu.

Habari ziliwafikia ndege wa mtaani. Zakayo, kunguru aliyewahi kuishi juu ya paa la chuo na hivyo kujihesabu msomi, aliitisha kikao kwenye mashine za AC juu ya paa, na Thuwein mwenyewe akaitwa. Walifungua kwa sala. Sala ilikuwa ndefu, kwa sababu Zakayo alimweleza Mungu historia ya vioo tangu mwanzo. Kisha wakaunda Kamati ya Kumwondolea Hofu Ndugu Thuwein, na shomoro wakabishana juu ya rangi ya fulana za kamati mpaka jua likawa kali.

"Ndugu Thuwein," alisema Zakayo, "kwa kifupi, woga ni ile hali ya kuogopa."

"Naelewa," alisema Thuwein.

"Basi tumepiga hatua."

Njiwa mmoja mnene, Masuda, alikuwa amekaa pembeni. Shomoro mmoja akamchokoza. "Wewe dada umefuata nini hapa? Akipona, si atakufukuza wewe?"

"Wakileta hiyo spika, wanangu hawatalala," alisema Masuda. "Huyu angalau Ijumaa anapumzika. Halafu anatetemeka. Mimi siwezi kumpita mtu anatetemeka."

Jumamosi asubuhi Masuda alimkuta Thuwein kwenye ukingo wa paa. Chini, meneja alikuwa amesimama karibu na Jotham, anatazama saa.

"Kaka, huyo wa kwenye kioo anakufanya nini hasa?"

"Ananijia."

"Na wewe ukikimbia?"

"Naye anakimbia."

"Basi ni mwoga mwenzio. Twende. Mimi nitakaa upande wa kioo."

Masuda alifumba macho. "Mungu, tushike. Amina." Akaruka.

Thuwein aliyasikia maombi hayo mafupi, akaona haya kuyaacha yaende peke yake. Akaruka pia. Kioo kilipokaribia, yule kipanga alitokea, lakini safari hii kando yake palikuwa na njiwa mnene.

"Naye kapata rafiki," alisema Thuwein.

"Ni mimi huyo. Na huyo mwingine ni wewe, kaka. Nyoosha shingo, unaonekana kama kuku."

Akanyoosha shingo. Kipanga wa kwenye kioo akanyoosha yake, na kweli akapendeza. Thuwein alipiga mbawa kwa nguvu zaidi. Kamati nzima ikatoka kwenye mashine za AC kumsindikiza, Zakayo akipaza sauti kwamba kikao hakijafungwa rasmi.

Kutoka chini meneja aliona njiwa, kunguru na shomoro wakizunguka jengo, kipanga nyuma yao.

"Umeona? Anawamaliza wote. Huyu anabaki."

Jotham alikuwa ameona vizuri nani anamwongoza nani. "Ndiyo, sir," alisema.

Thuwein alitua kwenye ukingo akihema. Masuda alitua karibu naye, akatazama chini ambako wageni walikuwa wanaanza kuletewa mkate.

"Kesho nikufukuze saa ngapi?" Thuwein aliuliza.

"Tukishakula," alisema Masuda.