Mikono Chini ya Picha

Bendera ya Denmark, nyekundu yenye msalaba mweupe, inashuka taratibu kwenye mlingoti. Askari wa Kijerumani mwenye taya pana anafungua kamba, anaiachia. Inaanguka, inatoka nje ya picha. Ukumbi mzima wa sinema pale Aarhus ulishusha pumzi kwa uchungu, na bibi mmoja nyuma yangu akamlaani yule askari waziwazi. Nilijivuna mpaka nikaona haya. Askari yule alikuwa baba yangu, na hajawahi kuwa askari wa mtu yeyote.

Baba alikuwa fundi wa siagi katika kiwanda cha maziwa cha mji wetu mdogo karibu na Tønder, mpakani na Ujerumani. Watu wa filamu walipokuja kutoka Copenhagen kupiga filamu ya vita, ya miaka ile Wajerumani walipoikalia nchi yetu, nusu ya mji ilijitokeza kuigiza. Baba alitamani kuwa mmoja wa wapiganaji wa siri. Wakampa sare ya adui, kwa kuwa alikuwa mrefu na Kijerumani kilimtoka vizuri, kama sisi wote wa mpakani. Jirani yetu Vagn hakumpa nafasi ya kupumua: kila akipita dirishani petu alipiga saluti na kuomba ruhusa ya kwenda kununua mkate. Baba alicheka naye. Vita vyenyewe vilimkuta mtoto, na alisema lazima mtu aivae ile sare, la sivyo hadithi haisimuliki.

Ambacho hatukuambiwa ni habari ya bendera. Tulipofika uwanjani, mwongozaji, Signe Holck, alimweleza Baba aishushe, aiachie ianguke matopeni, aondoke bila kugeuka. Wakafanya mazoezi kwa shuka kuukuu, na Baba akaiangusha vizuri hata akasifiwa. Kisha wakafunga bendera yenyewe. Kamera ikaanza. Baba akafungua kamba, akaiachia, halafu akaidaka. Alibaki akiitazama mikono yake kama vile imemponyoka.

Kwetu bendera haigusi ardhi. Sikumbuki kufundishwa jambo hilo. Kila siku yangu ya kuzaliwa Baba alinipandishia bendera bustanini kabla sijaamka, na jioni nilisimama chini ya mlingoti, nimenyoosha mikono, kuipokea.

Wakarudia. Akaidaka tena. Signe akaamuru sare apewe Vagn, na Baba akavua lile koti mbele ya mji mzima, shingo imemwiva kwa aibu. Nilimhurumia mno, kwa kuwa tangu majira ya kuchipua alikuwa akizungumzia filamu hiyo tu. Zamu ya Vagn ilipofika, pamoja na mdomo wake wote ule, naye akaidaka, kwa goti na kidevu. Hakuna aliyecheka. Mwanga ulikuwa unafifia, na kesho yake kamera zingehamia mji mwingine. Signe akaketi juu ya sanduku la taa, akauliza kwa sauti iliyochoka tunataka afanyeje.

Baba akamwendea. "Nifanye mtu mbaya unavyotaka, Signe. Nitatukana, nitapiga watu mateke. Ila hili siwezi. Mikono inakataa."

"Thorkild, watu wasipoiona ikianguka hawataelewa tulinyang'anywa nini."

Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamuuliza mpigapicha kamera yake inaona mpaka wapi. Akanionyesha kwa kiganja: mpaka kiunoni kwa Baba, chini ya hapo haioni kitu.

"Basi iachie, Baba," nikasema. "Mimi nipo."

Nikapiga magoti matopeni mbele ya buti zake. Vagn akarudisha koti, akapiga magoti kando yangu. Akafuata mwoka mikate na mkewe, kisha mwalimu wangu wa zamani, mpaka tukauzunguka mlingoti. Signe alitutazama, akainua mkono kamera ianze. Nikamtazama Baba kutoka kule chini, nikauona uso mkavu, wa kikatili, ambao sikuwahi kuuona mezani kwetu. Aliiachia na kuondoka bila kugeuka. Bendera ikatushukia ikiwa nzito kwa manyunyu, ikatufunika vichwa. Ndani ya ule wekundu Vagn alikuwa akilia.

Baada ya sinema, pale Aarhus, tulisimama kwenye kibanda cha soseji. Muuzaji alimkazia macho Baba.

"Si wewe yule uliyeitupa bendera?"

"Ndiye mimi," Baba akasema.

Yule bwana akatusukumia soseji zetu bila hata kutuuliza kama tunataka vitunguu. Nikafungua kinywa kueleza, Baba akanikanyaga mguu polepole. Tulipofika mbali kidogo nikamuuliza mbona hakumwambia.

"Nimwambie nini? Ameiona ikianguka." Akajifuta haradali kidevuni. "Wewe ulikuwepo."

Tukaenda stesheni tumeshikana mikono, jambo ambalo hatukuwa tumelifanya tangu nilipokuwa mdogo.